Wiki Niliyokuwa Rais wa Kwanza wa Marekani

Hoteli niliyokuwa nalinda kule Lusail, ughaibuni, iliandaa wiki ya vyakula vya Kimarekani, na meneja akataka rais wa kwanza wa nchi ile asimame mlangoni apigwe picha na wageni. Nilichaguliwa kwa urefu. Rangi haikujadiliwa. Nikapewa koti la buluu, soksi nyeupe za kufika magotini na wigi iliyonuka vitunguu, kisha nikaambiwa nisome maisha ya yule bwana kwenye simu nisije nikaiaibisha hoteli.

Nikasoma. Alianza kama mpima ardhi, akawa jenerali, akawashinda Waingereza, akawa rais. Wigi hakuvaa, alikuwa akipaka poda nywele zake mwenyewe. Nilipomweleza meneja, akasema nisianze fujo. Wageni nao walitaka habari za meno yake ya mbao tu. Niliwaambia hayakuwa ya mbao, wakasikitika. Shamba lake lililimwa na watumwa, mamia ya watu wa rangi yangu, na hilo hakuna aliyeniuliza. Nilitabasamu ndani ya koti lake, nikapigwa picha.

Lakini jambo moja lilinikaa kichwani. Baada ya vipindi viwili watu walitaka aendelee, akakataa, akarudi kwake kulima. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule ule, na meneja alikuwa ameniahidi cheo cha supavaiza nikisaini mwingine. Mke wangu, kule Bungoma, alikuwa ameniomba nisisaini. Kila mkataba nilikuwa nikimwambia huu ndio wa mwisho.

Kambini tulikolazwa wafanyakazi, Industrial Area ya hukohuko ughaibuni, wenzangu wa chumba walishaanza kuniita Mheshimiwa, na vyombo niliviosha vilevile.

"Mheshimiwa, usiachie kiti," mmoja akanishauri. "Supavaiza halali chumba kimoja na sisi, buda."

Wiki ilipokwisha nilimpigia mke wangu, nikamsimulia maisha ya rais nikidhani namchekesha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na aliporudi kwake, aliishi muda gani?"

"Miaka mitatu haikufika."

Nilisikia akifunga mlango wa jikoni.

"Baba watoto, mimi sitaki mtu wa kuja kufia hapa. Njoo ukiwa bado na nguvu za kugombana na mimi."

Nikamwambia sitasaini. Akasema hayo ameshayasikia. Nimwambie meneja kwanza, halafu ndiyo nimpigie.

Kesho yake nikaingia ofisini, nikamwambia meneja nashukuru, lakini naenda nyumbani. Akaniuliza kama nimepata kazi hoteli nyingine. Nikasema hapana, nina mke. Aliandika kitu, sijui nini.

Nilimpigia mke wangu nikiwa bado koridoni. Alilia kabla sijamaliza salamu. Kisha akaniuliza kama ni kweli, nikajibu, akaniuliza tena.