Mteja Alete Namba Tu

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi yetu pale Voi ilikuwa chumba kimoja na kompyuta mbili. Mimi ni wa darasa la nane. Kompyuta nilijifunzia saiba. Kazi ilikuwa kupanga zamu za maji ya mfereji kwa wakulima wa Mata, nao wakizithibitisha kwa simu kwenye ukurasa wetu wa mtandao.

Mtindo wa wakati huo aliuleta Meneja Mwadime, na jina simfichi. Mkulima akifungua ukurasa, seva, yaani kompyuta kuu inayojibu wote, ilimpelekea rekodi yake nzima: namba ya shamba, jina, saa za maji. Akibonyeza "thibitisha", rekodi ile yote ilirudi kama parameta, yale maandishi yanayofuata alama ya kuuliza kwenye anwani ya ukurasa. Seva ikaandika ilicholetewa, basi.

Kiangazi kimoja nyanya za Mama Righa zikakauka. Maji yake yaliishia kwa Kilonzo, jirani wa juu ya mfereji, ambaye saa zake tatu zilikuwa zimegeuka tisa. Mwadime akanigeukia.

"Zamu unaandika wewe. Sasa andika na barua ya kuacha kazi."

Nilikuwa nimeshashika kalamu alipoingia Injinia Mghoi, mkuu wa mitambo. Hakunitetea kwa neno. Alimpa Mwadime simu, ukurasa wa shamba la majaribio ukiwa wazi.

"Bosi, hapo juu kwenye anwani pameandikwa saa ni tatu. Futa, weka tisini, utume."

Mwadime akatuma. Seva ikakubali.

"Hongera," Mghoi akasema. "Una maji ya karibu siku nne, na shamba huna."

Kilonzo alipoitwa, akakiri alifanya hivyo hivyo. Mghoi akaubomoa mtindo ule, akanikalisha kando yake siku tatu.

"Mteja alete namba ya shamba tu. Seva ihakikishe ni lake kweli, halafu mengine iyatoe kwenye hifadhi yake. Mengine tunayo."

Nimefanya kazi na wenye digrii wengi. Hakuna aliyenieleza kitu kikaniingia kama mama yule, Mghoi. Cheo alipandishwa Mwadime.

Nimestaafu mapema, macho yamechoka. Juzi nikakutana na Mwadime karibu na stesheni.

"Mzee, yale ya Mata tuseme ilikuwa shida ya mashine, ama?"

"Wewe niletee jina lako tu," nikamwambia. "Mengine ninayo."