Vikanyagio vya Pikipiki ya Baba Yako

Andika, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Lorugum, mama yangu Namoruputh, karibu na mpaka wa Uganda. Majina yao unayajua, usiyaweke hapa. Mimi nilizaliwa njiani, mifugo ikihamishwa, na shule sikuiona.

Katika miaka ya tisini tuliishi Lodwar. Baba yako, kabla hajaoa, alinunua pikipiki ya mbio kwa mgeni aliyekuwa akiondoka Kakuma. Ilikuwa imeinama mbele kama mbuzi anywaye maji, na nyuma ilikuwa na kiti ambacho hata paka angekilalamikia. Hata hivyo kila jamaa aliomba kubebwa, na kwetu jamaa akiomba hanyimwi. Ndipo kijana wangu akaamua kung'oa vikanyagio vya abiria, vile vya kuwekea miguu, ili chuma kikatae kwa niaba yake.

Nilimkuta uani na spana.

"Unafanya nini?"

"Napunguza uzito, mama. Pikipiki za mbio hazina vitu hivi."

"Unapunguza uzito au unapunguza jamaa?"

Akaendelea kuzungusha spana.

Kila kikanyagio kilishikwa na pini ndogo. Angeichomoa hiyo, kazi ingekwisha. Yeye alifungua mkono mzima wa chuma unaokibeba, na ule wa kulia ndio ulioshikilia pia bomba la moshi. Bolti ya mwisho ilipotoka, bomba likaning'inia kama mguu uliovunjika. Akalifunga kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, akawasha ajaribu. Bomba lilipopata moto, ua mzima ulinuka, na majirani wakaja kuuliza tumechinja nini.

Walikuwa bado wanacheka alipofika mtu kutoka Kakuma. Shangazi yako, binti yangu, alikuwa ameshikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, na alikuwa akinililia. Magari ya kwenda huko yalikuwa yameondoka asubuhi. Kilichobaki ni kile chuma kisicho na pa kuweka miguu.

"Panda tu, mama. Miguu uikunje."

"Mpaka Kakuma? Mimi ni kuku wa sokoni?"

Nikamwamuru arudishe kila kitu. Nililiinua bomba kwa gunia lililoloweshwa maji, naye akakaza. Bolti moja haikuonekana. Tukapiga magoti, tukachekecha mchanga kwa vidole, jua likisonga na binti yangu akiningoja. Hatimaye akajipapasa mfuko wa shati.

"Niliiweka hapa isipotee."

Nikamwekea spana mkononi. Kuna maneno ambayo mzazi akiyatamka hayarudi.

Tulifika Kakuma jua likiegemea milima, magoti yangu yakiwa hayanyooki. Mtoto alikuwa hajatoka. Binti yangu alinishika mkono, akauliza mbona nanuka moshi, kisha hakuuachia mkono huo mpaka mtoto alipolia. Nje nilimsikia baba yako akiwaambia wanaume, "Bila pikipiki yangu, mama asingefika."

Sasa sikia cha kuhifadhi. Pikipiki iliuzwa zamani, usihangaike nayo. Hifadhi hili: binti yangu aliniita, nami nilikuwapo. Na habari ya bolti mfukoni iache kama nilivyoisema, neno kwa neno. Baba yako akija kukubembeleza uifute, mwambie nimekataza.