Dada kaota, mama akakosa operesheni ya jicho: hivi ndoto zina kazi kweli?

Wakuu, heshima zenu. Siongezi chumvi hapa. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na bado yananikuta.

Mama yetu anakaa Temeke, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishasema dawa ni operesheni, tuanze na la kulia, na tusizubae.

Hali ilikuwa mbaya. Mama anamimina chai pembeni ya kikombe. Anamwita jirani jina la jirani mwingine. Siku moja kaenda msibani, akatumbukia mtaroni, karudi magoti yamechubuka.

Tukapanga siku. Mie nakaa Mbezi Luis, nikadamka, nikafika na bajaji ya kumpeleka. Nikamkuta dada Zuhura, mkubwa wetu, katoka Chamazi kanitangulia. Kakaa mlangoni, macho mekundu.

"Mama haendi," akasema.

"Shikamoo dada. Haendi kivipi?"

"Nimeoteshwa. Mama anaingia chumba cheupe, baba kasimama mlangoni anatikisa kichwa. Sele, unataka tumzike mama?"

Sasa ngoja niwaeleze kidogo kuhusu baba. Mzee enzi za uhai wake alikuwa haongei. Anaweza kukaa alfajiri mpaka magharibi, kasema "naam" na "chai iko wapi". Kafariki, ndo kawa msemaji wa familia! Na haendi kwa mtu mwingine, ni kwa dada tu.

Ndoto hizo hizo zilishatufanya tubomoe choo kikiwa kimefika kwenye lenta, eti baba hakupenda upande kilipokaa. Tofali zetu wenyewe, tunabomoa wenyewe. Hilo nikalivumilia.

Ila hili la jicho, hapana aisee.

Mama alikuwa kitandani, kashavaa, mkoba mapajani. Bajaji ikaondoka tupu.

Nikapeleka ishu kwenye grupu la familia, nikaweka na maneno ya daktari. Nilijuta. Baba mdogo akaandika "marehemu hadanganyi". Nikamwomba ustadhi wa mtaani aongee na dada. Ustadhi wa watu akamwambia kwa upole kwamba ndoto nyingine ni mawazo ya mchana tu. Dada akajibu, "Ustadhi, wewe baba yetu hukumjua."

Dah.

Jumapili moja nikaenda kumsalimia mama. Nikamkuta anachambua mchele. Sinia kaliinua mpaka puani, anapapasa punje kwa vidole. Nikatoka nje, nimepandwa na hasira. Nikampigia dada.

"Dada, nimemuota mzee."

Akauliza: "Alivaa nini?"

"Shati la drafti."

"Lile la kijani?"

"Hilo hilo."

"Kasemaje?"

"Kasema, Zuhura aliniona natikisa kichwa, mbona hakuniuliza sababu? Nilikuwa nasikitika mnavyomchelewesha mama yenu."

Dada akalia kwenye simu. Wiki haikuisha, yeye ndiye aliyemshika mama mkono kuingia hospitali.

Operesheni ilikwenda salama. Kesho yake bandeji ikatolewa. Mama akapepesa, akamtazama dada. "Zuhura, umenenepa." Dada akakimbilia nje kuwapigia ndugu huku anacheka na kulia.

Tukabaki wawili. Mama akanikazia jicho lake jipya.

"Mwanangu, umeota mvi."

"Umri huo, mama."

"Basi hizo ndo umeota kweli. Ile ya baba yako hukuota."

Wakuu, nilitamani sakafu inimeze.

Nikamuuliza, sasa kama ulijua, mbona ulikubali?

"Mie nilitaka kuona tangu siku ile ya bajaji. Ila ningeenda dada yako hajaridhika, jicho likiwasha kidogo tu ningesimangwa mpaka kaburini. Wewe umemridhisha. Nyamaza."

Nikadhani yameisha. Kumbe ndo yanaanza.

Dada kautangazia ukoo mzima kwamba baba kahamia kwangu. Sasa silali kwa raha. Asubuhi sijanawa uso, simu: "Mzee kasemaje?" Binamu yangu ana mchumba, anataka baba ampitishe. Shangazi kanitumia ujumbe wa sauti kutoka Lindi: "Mwanangu, ukilala leo muulize kaka, ile mikorosho ya bondeni tugawane vipi?" Nikisema sijaota, naambiwa nawabania!

Na kusema ukweli siwezi, maana jicho la kushoto bado. Dada akijua nilidanganya, atarudi kwenye chumba chake cheupe, na mama atabaki nusu.

Nilichojifunza: kumbishia mtu ndoto yake ni kazi bure. Nimebisha kwa hoja, nimebisha kwa daktari, nimebisha kwa ustadhi, sikusogea hata hatua. Nikaongea kwa lugha yake, mlango ukafunguka. Kwa hiyo ndoto zina kazi? Yangu imefanya kazi, na sikuiota. Za dada anaziota kweli, na zimetugharimu choo na karibu jicho.

Nyie mngefanyaje? Nimwambie dada baada ya jicho la pili, au nife nayo? Nisemeni tu, nimezoea.

Ila mwenye ndoto yake asije PM.