Kifodi cha Aikande Kilichopangwa Kama Boma

Sikutaka kuandika haya. Princess, mjukuu wangu, amenisumbua mimi bibi yake tangu Pasaka: koko andika, koko andika, akina mama wa usharika wanatengeneza kijitabu cha mafundi wa huku kwetu, na Aikande unamjua wewe kuliko watu wote. Nikamwambia mimi nilisoma madarasa mawili tu, la tatu nikaenda kuchunga. Akaniletea daftari na penseli. Kana kwamba shida yangu ilikuwa penseli! Basi naandika, lakini naandika ninavyosema, na atakayetaka kusahihisha maneno yangu aanze na ya kwake.

Aikande ni Mchaga wa Machame, fundi wa mashine za shambani: za kumenyea kahawa, za kukatia majani ya ng'ombe, za kusaga. Ufundi alifundishwa na baba yake. Alikuwa na kibanda Sokon One, hapa mjini Arusha, na kwangu hapa Moshono amepanga chumba, huu mwaka wa nne. Mwaka jana mwenye kiwanja cha Sokon akataka kiwanja chake ajenge. Aikande akazunguka mji mzima kutafuta mahali pengine, akakosa. Jioni moja nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hata viatu hajavua.

"Koko, nikikosa pa kufanyia kazi narudi Machame, nikapalilie migomba ya kaka yangu."

Alilisema hilo kama mtu anayesema anakwenda kuzikwa. Nilimpa maziwa.

Wiki iliyofuata akaingia uani kwangu na kifodi, vile vigari vidogo vilivyokuwa vinabeba abiria hapa Arusha. Kilikuwa kizee, rangi imebabuka, viti vimechanika. Akakiegesha mbele ya banda la ng'ombe.

"Hicho kitaondoka lini?" nikauliza.

"Shikamoo, koko. Hakiondoki. Hiyo ndiyo karakana yangu. Watu wakishindwa kuja kwangu, nawafuata mimi."

"Mchaga hata akiota, anaota duka."

"Na Mwarusha anaota ng'ombe wa jirani," akanijibu, tukacheka.

Kisha akanieleza. Wakulima wa kahawa wa Akheri walikuwa wamemwahidi mashine zao zote azihudumie msimu mzima. Kahawa ingeanza kuiva mwezi wa saba. Karakana ikiwa tayari, ana kazi. Isipokuwa tayari, ndiyo Machame.

Akang'oa viti. Akakata vyuma, akachomelea rafu, akafunga jiliwa ile ya kubania vyuma. Kelele za grenda zikamkasirisha ng'ombe wangu, siku tatu hakutoa maziwa. Nikamwambia Aikande achague, grenda au chai ya maziwa. Akachagua kusubiri mpaka nimalize kukamua. Ana adabu, hilo ningeliandika kwa herufi kubwa kama ningejua kuziandika vizuri.

Kazi ilipokwisha kilipendeza. Ukifungua mlango wa ubavuni, ule wa abiria, ulioko kushoto, unaona kila kitu kimepangwa kwenye ukuta wa kulia mbele yako kama kule Sokon. Mashine ya kuchomelea, jenereta, jiliwa, kasha la nati na bolti. Alikuwa amezoea kibanda chenye ukuta mmoja. Nami nikasifu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilisifu, sikuona kosa.

Tukaenda Akheri kukijaribu. Mimi nilikaa mbele. Tukapita Tengeru salama, tukaanza kupanda. Kuna kona pale ambapo maji ya masika yamekula barabara upande wa kulia. Kifodi kilipofika pale kikainama. Nyuma yangu nikasikia vyuma vinahama, jenereta linaburuzika, nati zinamwagika kama mahindi. Gurudumu la kushoto likaacha ardhi. Nikamwita Mungu kwa Kimaasai, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka.

Wanaume waliokuwa shambani wakakimbia wakatia mabega, wakakisukuma kikarudi. Mmoja wao alikuwa Melkizedeki, mwenyekiti wa wale wakulima wenyewe. Akajifuta matope, akamtazama Aikande.

"Fundi, karakana yako inataka kulala kabla haijafanya kazi."

"Nitairekebisha, mzee."

"Kahawa inaanza Jumatano ijayo. Karakana ikishindwa kupita hapa siku hiyo, naita fundi mwingine. Usinielewe vibaya, mwanangu. Kahawa haisubiri."

Ni kweli, haisubiri. Ikichumwa leo imenywe leo. Ikilala na ganda lake inachacha, na kazi ya mwaka inanuka kama pombe.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake nikamwona Aikande amesimama mbele ya kifodi, mikono kiunoni. Akasema ataongeza springi upande wa kulia.

"Springi ya nini?" nikasema. "Umeona wapi boma ambalo wake wote wamejenga upande mmoja?"

"Koko, hivi ni vyombo, si wanawake."

"Basi viache vilale."

Halafu akauliza, "Bomani wanapangwaje?" Aliuliza kwa kutaka kujua. Mtoto wangu wa kuzaa hajawahi kuniuliza hivyo.

Nikachukua kijiti nikamchorea chini. Lango ni moja. Ukiingia, nyumba ya mke wa kwanza iko kulia. Wa pili, kushoto. Wa tatu tena kulia, nyuma ya wa kwanza, wa nne kushoto. Hivyo hakuna upande unaoulemea mwenzake, na mgeni akiingia hata gizani anajua nani yuko wapi. Katikati ni pa ng'ombe, hapajengwi. Mimi mwenyewe kwa marehemu mume wangu Sankale nilikuwa wa pili, wa kushoto. Miaka mingi nilisemwa hivyo, "yule wa kushoto", kama vile kushoto ni jalalani.

Aikande alikitazama kile kichoro muda mrefu. Kisha akachukua mashine yake akauchomelea ule mlango wa ubavuni ukafungika kabisa. Mlango wa nyuma ukawa lango. Mashine ya kuchomelea akaiweka kulia. Jenereta, ambalo ndilo zito zaidi, likaenda kushoto. Jiliwa kulia, kasha la nati kushoto. Vyote vikafungwa chini kwa bolti.

"Jenereta ndilo wewe, koko," akasema. "Lina kelele, lakini likizima hakuna anayefanya kazi."

Nilimtukana kidogo. Halafu nikaingia ndani nikalia kidogo, naye hajui, atajua akisoma hapa.

Jumatano tukapanda tena. Simu ilikuwa imeshapigwa: mashine ya kikundi imekatika shafti, kile chuma cha kuzungushia gurudumu, na kahawa iliyochumwa tangu alfajiri iko kwenye vikapu, imefunikwa majani ya migomba. Pale kwenye kona Melkizedeki alikuwa anatungoja na kamba mkononi.

"Baba, na hiyo kamba unamfungia ng'ombe gani?" nikamwuliza dirishani.

"Ng'ombe wenu huyu wa bati, mama."

Aikande akaweka gia ya kwanza. Kifodi kikainama kidogo, kikajishika, kikapita. Melkizedeki akabaki nyuma na kamba yake, wanawake waliokuwa shambani wakapiga vigelegele.

Kule juu Aikande akafungua lango lake. Hakutafuta kitu. Mkono kulia, mkono kushoto, kama mtu aliyezaliwa mle. Jenereta likaunguruma, shafti ikachomelewa, ikasuguliwa, ikarudishwa. Saa nane mchana gurudumu likazunguka na maganda mekundu yakaanza kutoka. Hadi jua linazama hapakuwa na kikapu kimoja kilichobaki.

Melkizedeki alileta mkungu wa ndizi, akauweka katikati ya kifodi. "Fundi, uje kila Jumatano. Huyo fundi mwingine simwiti tena."

Aikande hakurudi Machame. Namshukuru Mungu kwa hilo, nalo jenereta nalishukuru. Namshukuru zaidi yeye kwa kuuliza swali lile, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ninayoyajua mimi yatazikwa nami.

Nimemaliza, mkono unauma. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Nyuma ya nyumba yako kuna mashine mbovu ambayo kuku wanatagia. Itoe leo. Ioshe, fundi asikutane na mavi ya kuku. Iweke barabarani siku kifodi kinapopita: Moshono Jumatatu, Akheri Jumatano. Nikipita nikaikuta bado iko kwa kuku, nitabisha hodi, na sitaingia kunywa chai.