Doa Alilosugua Eufrazia

Kule kijijini Mamba, ukitaka kumjua mwanamke usihangaike kuuliza parokiani. Pita nyuma ya nyumba yake utazame matako ya sufuria. Zikishaoshwa hupangwa juu ya kichanja zimepinduliwa, na huelekezwa njiani makusudi, ili kila mpita njia ahukumu anavyotaka. Eufrazia alikuwa bingwa wa mambo hayo. Kwenye sufuria zake ungeweza kujitazama ukafunga kilemba. Penye komunyo ya kwanza, penye harusi, penye jubilei ya padri, yeye ndiye aliyeitwa kusugua masufuria makubwa, naye alisugua kwa mchanga wa mtoni, majivu ya jikoni na kipande cha ndimu, uso ameukunja kama anamtoa mtu pepo. Wenye midomo yao walisema marehemu mumewe aliwahi kuondoka kwa kuogopa zamu yake ya kusuguliwa. Eufrazia alicheka nao, kisha akaenda kuzitazama sufuria za aliyesema.

Kwa hiyo mradi wa vioo vya kusafisha maji ulipoletwa kisimani, hakuna aliyeuliza nani awe mtunzaji.

Vioo vyenyewe vilikuwa vipana, vimelazwa kwa kuinama kando ya pampu. Maji yalipita juu yake taratibu huku jua likiyapiga, yakashukia kwenye tangi lenye bomba. Mhandisi Deo, kijana aliyetumwa na chuo kikuu kimoja, alikusanya watu akaeleza kwamba juu ya kila kioo kuna matabaka mawili membamba mno, oksidi ya zinki juu ya oksidi ya bati: madini yaliyoungana na oksijeni yakawa ngozi inayopitisha mwanga. Mzee mmoja akasema bati la kupitisha mwanga analo tayari, lilitobolewa na misumari ya fundi. Deo alisubiri wamalize kucheka. Jua likipiga, alisema, tabaka la juu linashtuka na kurusha chembe za umeme, na la chini linazidaka kabla hazijarudi zilikotoka. Huo mshtuko unaobaki ndio unaoua vijidudu. Tabaka likiwa moja peke yake hupatana lenyewe upesi, kama mume na mke waliogombana mbele ya wageni. Yakiwa mawili ugomvi unadumu, na ugomvi ndio unaosafisha maji. Wote wenye ndoa walielewa.

Eufrazia aliachiwa kichupa cha dawa ya buluu. Kila Jumapili baada ya misa adondoshe tone juu ya kioo kikavu. Likififia juani hadi kupotea, vioo viko kazini. Likibaki buluu, watu wachemshe maji. Na vioo visiguswe na kitu chochote ila maji safi na kitambaa laini.

Alikubali, lakini jicho lake lilikuwa limeshaona. Ukivitazama kwa upande asubuhi, vioo vile vilikuwa na rangirangi, zambarau na kijani, kama mafuta ya taa yaliyomwagikia dimbwini. Deo alisema hiyo ndiyo ngozi yenyewe. Kwa Eufrazia lilikuwa doa, na mtu mzima alikuwa ameliacha pale akapanda gari akaenda zake bila aibu.

Alivumilia kwa ajili ya Evaline, binti yake. Masika ya nyuma kuharisha kulipita kitongojini, na Evaline akazika mtoto wake wa kwanza. Sasa alikuwa na wa pili, Maiko, ambaye ndiyo kwanza anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Tangu bomba lifunguliwe Evaline aliacha kuchemsha maji, kwa neno la mama yake. Kuni ziko mbali, na msitu una wenyewe. Kitongoji kizima kiliacha. Kila tone la buluu lilipofifia, Eufrazia alipumua, akamwona Maiko ameongezewa wiki nyingine.

Ndipo ikatangazwa kwamba wageni wanakuja kuuona mradi. Amedeus, mwenyekiti wa kitongoji, mtu ambaye tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake, alikwenda kukagua. Akainamisha kichwa upande, akaiona ile rangirangi.

“Mama Evaline, haya mafuta vipi? Wageni watasema tunakaangia vitumbua hapa.”

Eufrazia akamweleza alivyoagizwa na mhandisi. Amedeus akataka kujua kama huyo mhandisi ndiye atakayesimama mbele ya wageni kuaibika. Kisha akaongeza polepole, kama anajisemea, “Nilisikia wewe ndiye bingwa. Kumbe ni maneno ya wanawake tu.”

Angemtukana ingekuwa nafuu. Mchana ule ule Eufrazia alirudi kisimani na mchanga, majivu na ndimu, akapandisha mikono ya gauni. Ile zambarau ilitoka kwanza, kijani ikafuata, na tuseme ukweli, moyo wake ulijaa utamu ambao hata sufuria za jubilei hazikuwahi kumpa. Wageni walikuja wakasifu. Mmoja alinyoosha tai yake akijitazama kwenye kioo. Amedeus alikunywa kikombe kizima mbele ya kamera, kisha akaenda garini kwa wageni kunywa maji ya chupa.

Jumapili alidondosha buluu. Akasubiri. Akahamia kioo cha pili, cha tatu. Watu walikwenda kula mchana wakarudi, na matone yalikuwa pale pale yanamtazama.

Alimpigia Deo. Aliposikia matone hayajafifia, Deo aliuliza kwanza: vilisuguliwa kwa kutumia nini? Akataja vyote vitatu. Deo akasema ndimu inakula oksidi ya zinki, majivu nayo yanaila, na mchanga umemalizia palipobaki. Hakufoka, na hilo lilimuumiza zaidi. Vioo vingine vitachelewa, alisema, maana wakubwa wake wameshapeleka habari za mafanikio pamoja na picha, na sasa itabidi aanze kuwaeleza. “Ila nyie chemsheni, mama. Kuanzia leo.”

Eufrazia akasimama mbele ya bomba akawaambia wenye ndoo. Waliguna. Maji yalikuwa maangavu kabisa, maana kijidudu hakina adabu ya kujionyesha. Na hawa ni watu waliokuzwa kwa matako ya sufuria: unawaambiaje kwamba doa ndilo lililokuwa dawa, na mng'ao ndio uchafu?

“Mama, kioo hakijawahi kuwa safi hivi,” Evaline alisema, Maiko mgongoni. “Na ni wewe uliyetuambia tusichemshe.”

“Nilisema wakati ule. Sasa nimekiharibu. Mimi, kwa mikono yangu.”

Amedeus alifika akiwa ameshapata habari. Eufrazia akamwonyesha matone ya buluu. Mwenyekiti akatoa leso mfukoni, akayafuta moja baada ya jingine, akaikunja leso vizuri.

“Haya, imepotea. Nani bado ana kiu?”

Watu wakacheka, na ndoo zikaanza tena kugongana. Evaline akakinga kikombe, akamzungusha mtoto kifuani, akampelekea mdomoni.

Juu ya kifuniko cha tangi palikuwa na jiwe la kukibana kisipeperuke. Eufrazia alilinyanyua kwa mikono miwili akapiga kioo cha kwanza. Halafu cha pili. Alivipiga vyote kwa utaratibu, bila kuruka hata kimoja, kama alivyozoea kumaliza masufuria, na vipande vikashukia tangini pamoja na maji.

Sasa kila mtu alielewa. Hakuna aliyehitaji mhandisi. Maji yana vigae vya kioo, mtoto atakatwa utumbo: ndoo zikamwagwa pale pale, na Evaline akakitupa kikombe kama kimemuunguza. Amedeus alisema mwanamke huyu amerukwa na akili, akatuma mgambo waitwe, akaahidi kikao. Waliozoea kumwita Eufrazia kwenye harusi zao walimpisha njia kwa upana usio wa heshima.

Jioni Evaline alivunja kuni kwa goti, akabandika sufuria ya maji ya pampu. Ilikuwa ile nzuri kuliko zote, na masizi yalikuwa yamepanda hadi shingoni. Moshi ulitoka pia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Evaline alipotaka kuipua, Eufrazia akasema, “Bado. Iache itokote.” Evaline akaiacha, akageukia pembeni.

Maiko alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake. Tangu siku ya wageni alikuwa anayanywa maji yale. Eufrazia aliweka kiganja juu ya tumbo lake. Lilikuwa laini, halina joto la homa. Hakukiondoa kiganja.