Injini ya Baba Ilipogoma Kuwaka

Injini ya kinu cha baba pale Luvungi haikuwa na bujia, ile plagi ya kutoa cheche. Ilikuwa ya mazutu, yaani dizeli, ya silinda moja tu. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto mkali, na mazutu yakirushwa humo yanawaka yenyewe. Ila lazima uizungushe kwa kasi. Ukizubaa hewa inavuja, joto linapotea, unaambulia moshi mweupe na aibu.

Miaka yote baba alizungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, mwenyewe. Mkono wa kushoto ulishikilia kijiti cha chuma kinachoacha hewa itoke, wa kulia ulizungusha. Kasi ikishakolea, aliachia kijiti na injini ikanguruma. Hakuna aliyethubutu kumpokea. Huko kwetu, kumpokea mwenye kinu manivela mbele ya wateja ni kumwambia amekwisha.

Mwaka jana ikaanza kugoma. Mimi si mtu wa subira. Wamama walikuwa wamepanga mabeseni ya muhogo wakinitazama, nami kila asubuhi niliitukana ile injini. Tukaipa dawa ya wasaga unga: matone ya mafuta mazito kwenye njia ya hewa, ili pistoni ibane vizuri. Ikawaka siku mbili, ikagoma tena. Nikajua basi, pete za pistoni zimelika.

"Papa, hii mashine imechoka," nilimwambia.

"Labda," alijibu, akifuta jasho. Shati lilikuwa linampwaya, nami nikadhani limetanuka kwa kufuliwa.

Nikamwita fundi kutoka Uvira mjini. Aliifungua, akapima pete, akakagua pua ya kurushia mazutu, akafunga. Akazungusha mara moja tu, ikawaka. Wamama walipiga vigelegele na mimi nilicheka kwa furaha.

"Umebadilisha nini?" nilimuuliza.

"Hakuna kitu, dada. Iko muzima kabisa." Hakuniangalia usoni.

Baba alikuwa amekaa juu ya gunia. "Haiko mashine, mutoto wangu," alisema. "Ni miye. Nguvu iliisha zamani."

Hospitalini walisema tumechelewa. Tulimzika kabla mahindi hayajavunwa. Uchungu ninao mpaka leo, na hasira pia, ila sasa ni juu yangu mwenyewe. Kila asubuhi nilisimama hatua mbili kutoka kwake, nikiangalia injini.