Sauti ya Baba Ilibaki Sebuleni

Baba alipofariki, mama aliingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na kompyuta ya baba ikabaki sebuleni. Hapo ndipo shida ilipoanza. Sebule yetu ya Rahaleo ilijaa wanaume waliokuja kuhani tangu asubuhi, na mama asingeweza kwenda kukaa mbele yao kusikiliza sauti ya mumewe.

Maana sauti yenyewe ilikuwa humo kwenye kompyuta. Baba alikuwa karani bandarini, na alipostaafu akashikwa na mambo mawili: Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta alioupenda kwa sababu ni wa bure na haumsumbui mtu na leseni, na kujirekodi. Alinunua maikrofoni ya bei chee, akawa anajifungia peke yake anasimulia: kijiji chao karibu na Ruvuma, mikorosho aliyopanda na mdogo wake, nani kamzaa nani. Rekodi thelathini na moja, na majogoo wanawika humo humo. Sisi tulikuwa tunamcheka. Jamani, tulimcheka sana yule mzee.

"Nataka kumsikia," mama aliniambia wiki ya pili. "Picha hazinisemeshi."

Mimi nikajitia ubingwa. Nilikuwa na laptopu yangu ya zamani, ambayo baba alishaitia Linux yake kwa kunilazimisha. Kutumia flashi wala kuihamisha kompyuta sikufikiria, kwa sababu kwenye daftari lake nilikuta ukurasa mzima ameandika kwa mwandiko wake wa ukarani, namna ya kufanya kompyuta mbili za nyumbani zione folda moja. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Nikasema nitaifanya mimi, kama alivyoandika, neno kwa neno.

Siku tatu nilihangaika. Nikitoka kazini tu, kwenye ofisi ya mawakala wa forodha, nakaa na daftari. Naandika amri, mashine inanijibu: ruhusa imekataliwa. Narekebisha, inakataa tena. Siku ya tatu nikapiga kelele, "Huyu baba, hata akiwa hayupo ananinyima ruhusa!" Mama akacheka kule chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na mimi nikajikuta nalia huku nacheka.

Kumbe nilikuwa nimekosea namba moja ya anwani ya mashine. Nilipoisahihisha, folda ikafunguka kwenye laptopu, rekodi zote zimejipanga. Nikampelekea mama kitandani.

"Zimekuja zote, mama. Ziko kwako sasa."

Na niliamini hivyo. Nimeziona kwa macho yangu, ningesemaje haziko?

Tangu hapo, kila nikirudi nilisikia baba anaongea chumbani kwa mama, taratibu, na mama anamkatiza. "Si kweli, ulikuwa mwaka wa mvua kubwa." Nilikuwa napita kimya ili nisiwaingilie.

Ikafika arobaini. Baada ya dua, vitu vya marehemu vikagawiwa ndugu kama ilivyo desturi: kanzu, saa, baiskeli. Baba mdogo, yule mdogo wake wa mikorosho, aliomba kompyuta. Kijijini ndiye anayewaandikia watu barua. Nikaingia ndani kumuuliza mama. Alikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Mpe," alisema. "Naye ana haki yake."

Nikadhani anazungumzia kompyuta. Nikatoka, nikasaidia kuipakia kwenye bajaji, na pale mlangoni nikamwambia baba mdogo, tena kwa kujiamini, "Rekodi zote mama anazo. Mpe fundi aifute yote, akuwekee mfumo ule uliouzoea." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Siku ya nne baada ya hapo nikataka kusikia baba anavyosimulia habari za bibi. Nikafungua laptopu. Folda tupu. Nikazima, nikawasha, tupu. Nikampigia baba mdogo.

"Fundi kashafuta juzi, mwanangu," alisema. "Si wewe uliyeniambia?" Nilipomweleza, hakunigombeza. Nikamsikia anapumua kwa shida, akakata simu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Zile rekodi hazikuwahi kuja chumbani hata moja. Zilikuwa sebuleni muda wote, na mimi nilitengeneza dirisha tu nikadhani nimehamisha nyumba. Nikaenda kupiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia mama kila kitu, kamasi zinanitoka kama mtoto.

"Kwamba hayuko humu nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Umeme ukikatika, hii ina betri, inabaki inawaka. Lakini yeye anaondoka. Mkiiwasha ile ya sebuleni, anarudi. Nashinda humu ndani kutwa nzima, nisijue?"

"Sasa mbona ulisema apewe?"

"Mdogo wake alimlilia kuliko nyinyi wote. Nikasema na aende naye, mimi nimeshamsikia miaka thelathini." Akafuta macho kwa kanga. "Sikujua mtamfuta."

Alisema mtamfuta, kwa huruma tu. Aliyefuta ni mimi.

Kisha akavuta laptopu. Kumbe siku moja umeme ulipokuwa unasumbua, alikuwa amechukua rekodi moja akaiweka kando, kwenye laptopu yenyewe, kama nilivyomfundisha kunakili picha za wajukuu. Alichukua iliyo fupi kuliko zote. Ilikuwa ile baba anajaribu maikrofoni.

"Kesho mpelekee baba yako mdogo," alisema. "Na safari hii nakili kweli."

Akabonyeza.

"Moja, mbili. Moja, mbili," alisema baba, akakohoa. "Mama watoto! Chai vipi huko?"

Mama akaisogelea laptopu, akajibu kwa sauti ndogo sana, "Inakuja, baba watoto. Nakuletea."

Na humo humo kwenye rekodi, kutoka mbali jikoni, sauti yake mwenyewe ya zamani ikaja juu kwa ukali: "Subiri! Nina mikono mingapi mimi?"